Kiti Kisicho na Mshahara

Katika nyumba nyingi za nchi yetu, tangu milima ya Umatengo hata pwani ya Ziwa Nyasa, yuko mtu ajuaye kusoma na kuandika vizuri, ajuaye hesabu, mwenye saa mbili tatu za nafasi katika juma, naye hana pa kuzitia. Pengine ni mwalimu aliyestaafu, amerudi Maguu au Lituhi kujenga nyumba yake. Pengine ni mama aliyekuwa mwuguzi katika hospitali ya Litembo au ya Liuli, na watoto wake sasa ni watu wazima. Pengine ni kijana aliyesoma uhasibu, naye angoja kazi. Mtu huyu husema, "Natamani kuwatumikia watu wa kwetu, lakini sijui niingilie mlango upi." Na upande wa pili, katika vijiji vile vile, viko vyama vya maji, vya wajane na yatima, vya watu wenye ulemavu, vya kuwasaidia wasichana wasome, vya kutunza misitu na mazalia ya samaki. Katika vingine viti vya bodi vimebaki na watu wawili tu, mmoja mgonjwa na mmoja amehamia Mbeya. Mwenye nafasi na wenye haja hawajuani, nasi leo twataka kuwakutanisha.

Kwanza yafaa tueleze bodi ni kitu gani, maana wengi huisikia kama jina la cheo. Bodi ya chama, au kamati tendaji kama wengine waiitavyo, ni watu wachache waliochaguliwa kuangalia chama kisipotee njia. Wao hawachimbi mfereji wala hawagawi dawa. Kazi hiyo ina watu wake. Wao hukutana mara kadhaa kwa mwaka, husoma hesabu, huulizana kama kazi iliyofanyika ndiyo iliyokusudiwa na katiba, huajiri mtendaji na kumwachisha ikiwa hafai, na hutoa kibali pale ambapo fedha nyingi zatoka. Mshahara hawana. Wakiifanya kazi yao vizuri, wanakijiji hawawakumbuki kabisa, kwa kuwa bomba latoa maji. Wakiifanya vibaya, watu huwakumbuka siku bomba linapokauka, na mfuko wa matengenezo hauna hata fedha ya kununua koki moja.

Jambo hili si geni kwetu, ijapokuwa jina la bodi ni geni. Wamatengo walikuwa na sengu. Katika sengu watu wa ukoo mmoja walikusanyika kwa mkubwa wao, kila mke akaleta chakula alichokipika jikoni mwake, wakala pamoja, na wakila walizungumza: mambo ya mashamba, ugomvi wa ndugu, vijana waliopotoka, kazi iliyo mbele yao. Asiye na kitu alikula pamoja na mwenye kitu, wala haikuwa aibu. Kisha kahawa ikaja, kila nyumba ikapata fedha yake na sufuria yake, na desturi ya sengu ikapungua nguvu.

Lakini haikufa. Kati ya mwaka 1999 na 2004, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoko Morogoro, kilifanya kazi ya maendeleo katika Mbinga kwa msaada wa JICA, shirika la Japani. Vijiji viwili vilichaguliwa kuwa vya mfano, Kindimba na Kitanda. Huko Kindimba, katika milima mikali yenye vijito vingi, iliazimiwa kujenga mashine ya kusaga nafaka inayozungushwa kwa nguvu za maji, nao wenyeji walitoa jasho lao katika ujenzi. Sasa, mashine ikiisha kusimama ni mali ya nani? Nani atashika ufunguo wa mlango? Nani atapokea fedha ya kusaga, na faida itakwenda wapi? Hapo ndipo jina la kale lilipofufuka. Waliunda Kamati ya Sengu, iwe ndiyo yenye kuiangalia mashine na kazi nyingine za maendeleo ya kijiji. Nayo mashine ya maji ina ukali wake: ukifyeka miti iliyo kwenye chemchemi, kijito hupungua, na unga hausagiki. Basi kamati ya mashine haikuweza kuwa kamati ya mashine tu, ilikuwa lazima iitazame na misitu.

Kwa maoni yetu jina lile lilifaa kuliko semina nyingi. Mtu akiambiwa, "Wewe ni mjumbe wa bodi," huuliza posho ni kiasi gani. Akiambiwa, "Wewe umeitwa kwenye sengu," ajua tangu utotoni kwamba ameitwa kula na wenzake na kusema kweli. Hata hivyo kuna tofauti moja kubwa, nayo isifichwe. Sengu ya zamani ilikuwa ya ndugu, na kamati ya kijiji ina watu wa koo nyingi. Ndugu wakidhulumiana huulizana wakati wa chakula. Watu wasio ndugu huulizana kwa stakabadhi. Ndiyo maana wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Na daftari watu wa Ruvuma walilijua mapema. Mwaka 1936 ulianzishwa ushirika wa NGOMAT, yaani wa Wangoni na Wamatengo, kwa ajili ya kuuza tumbaku ya wakulima. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika katika Tanzania Bara, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Ushirika wa mazao si chama cha kujitolea, maana wanachama wana hisa zao na hutazamia mapato, lakini ni shule nzuri. Mtu aliyewahi kukaa katika bodi ya chama cha msingi cha kahawa ajua maana ya kusimama mbele ya wakulima na kujibu kwa nini malipo ya pili yamechelewa. Mtu wa namna hiyo akipatikana katika kijiji chenu, msimwache akae nyumbani tu.

Sasa tuje kwenye milango. Mlango wa kwanza uko ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri: kwa watu wa milimani ni Mbinga, kwa watu wa ziwani ni Mbamba Bay, makao ya wilaya ya Nyasa iliyokatwa katika Mbinga. Afisa wa ofisi hiyo ndiye huandikisha vikundi vya jamii, na mashirika yasiyo ya kiserikali yapitia kwake. Mwendee, umwambie unakaa wapi, wajua kazi gani, na una siku ngapi kwa mwezi. Umwulize ni vyama gani katika kata yenu ambavyo ni hai. Neno hili "hai" ni la maana. Katika orodha ya ofisi yoyote yako majina ya vyama vilivyokwisha kufa zamani, vikabaki na mhuri tu.

Mlango wa pili ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria hukutana kila miezi mitatu. Wengi waliosoma hawaendi. Huona ni mahali pa kelele. Lakini huko ndiko watu husema waziwazi ni kamati ipi imelala. Mlango wa tatu ni wa maji. Tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, maji ya vijijini husimamiwa na vyombo vya watumia maji wenyewe chini ya uangalizi wa RUWASA, navyo vyahitaji watu wawezao kusoma hesabu za maji yaliyouzwa. Hapo akina mama wasiachwe nyuma: anayeamka saa kumi na moja kukinga ndoo ndiye ajuaye bomba hukatika siku gani. Pwani ya ziwa kuna vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi, viitwavyo BMU; humo wavuvi, wachakataji na wachuuzi wa dagaa huangalia nyavu haramu na usafi wa mialo. Tena shule zina kamati zake, na zahanati zina zake, wala hizo zisidharauliwe.

Mtu akiisha kukiona chama, asianze kwa kuomba kiti. Aanze kwa kuomba kazi. Kama chama chapanda miche, aende akajaze udongo kwenye viriba. Kama chatembelea wagonjwa majumbani, aandamane nao miezi mitatu, hata kwenye nyumba iliyo juu kabisa ya kilima. Huko ataona mambo ambayo hayaandikwi katika taarifa: kama mtendaji apendwa au aogopwa, kama dawa zafika, kama wale wanaotajwa kuwa wamesaidiwa wapo kweli. Nao watamwona yeye, kama ni mtu wa neno moja au wa maneno mengi. Mwalimu hasa ana hatari hapa, atusamehe tukisema. Amezoea kusimama mbele na wengine wakinyamaza. Katika bodi aketi kama wenzake, na mvuvi asiyejua kuandika ana kura moja sawasawa na yeye.

Ikiwa ataitwa kwenye bodi, asiseme ndiyo siku hiyo hiyo. Tuseme mwalimu mstaafu, mtu wa ziwani, amemwendea katibu wa chama cha wajane.

"Shikamoo, mwalimu. Karibu uketi."

"Marahaba, mama katibu. Nimepata barua yenu kwamba mwanitaka katika bodi. Nashukuru kwa heshima hiyo. Kabla sijajibu, naomba kusoma katiba, na kumbukumbu za mikutano mitatu ya mwisho, na hesabu za mwaka jana."

"Hesabu, mwalimu? Hizo anazo mweka hazina, naye amesafiri."

"Si neno, nitamngoja."

"Lakini mkutano ni Alhamisi!"

"Mkutano wa Alhamisi mtaufanya vizuri bila mimi, mama. Nitakuja ule wa pili."

Wengine watamwona mwalimu huyu kuwa mtu mgumu. Sisi twamwona kuwa rafiki wa kweli wa wajane. Mweka hazina huenda amesafiri kweli. Watu husafiri, na wagonjwa hupelekwa Peramiho. Lakini mweka hazina aliye safarini miezi mitatu ni jibu kamili. Mjumbe akiona haya kuuliza kabla hajaketi, hataweza kuuliza akiisha kuketi, akanywa chai ya wenzake na kutia sahihi yake chini ya ya kwao. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Na hesabu zikija, mtu asitishwe na wingi wa tarakimu. Haihitajiki awe mhasibu. Achukue salio la mwisho wa mwezi katika daftari, alilinganishe na karatasi ya benki. Achague malipo matano kama yamjiavyo, aombe stakabadhi ya kila moja. Aulize watu wangapi hutia sahihi fedha inapotolewa. Akiambiwa ni mmoja, amekwisha kupata kazi yake ya kwanza. Aulize kama fedha iliyotolewa na wafadhili kwa ajili ya sare za watoto imewahi kununua mafuta ya pikipiki, hata kwa mkopo wa siku mbili. Mkopo wa siku mbili ndio ulioua vyama vingi. Haukuanza na mwizi, ulianza na mtu mwema mwenye haraka.

Yako na mambo ya sheria ambayo mjumbe hapaswi kuyasikia kwa mara ya kwanza polisi. Shirika lisilo la kiserikali huandikishwa kwa Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mara kadhaa, na marekebisho makubwa yalifanyika mwaka 2019. Sheria hiyo yataka kila mwaka taarifa ya kazi, pamoja na hesabu zilizokaguliwa, zipelekwe kwa Msajili. Chama chenye bodi ya wadhamini iliyosajiliwa, ambayo jina lake hushika kiwanja au nyumba, kiko chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini na ofisi ya RITA. Viongozi wa shirika majina yao yameandikwa serikalini, na kosa la shirika laweza kuwafikia wao wenyewe. Basi aulize: taarifa ya mwaka jana ilipelekwa? Iko wapi nakala yenye mhuri wa kupokelewa? Akikuta miaka miwili haikupelekwa, si lazima akimbie. Pengine hiyo ndiyo sababu wamemwita. Lakini aingie macho wazi, na jambo hilo liandikwe katika kumbukumbu za mkutano wake wa kwanza.

Posho ni neno linalovunja urafiki, nasi hatutalipita upesi. Mjumbe aliyetoka Lituhi kwenda mkutanoni Mbamba Bay ametoa nauli, amekula njiani, na pengine amelala huko. Si haki alipe kwa mfuko wake, maana ikiwa hivyo bodi itakuwa ya matajiri na ya wakaao mjini tu. Arudishiwe alichotumia, kwa stakabadhi au kwa kiasi kilichokubaliwa na mkutano mkuu. Hata Uingereza, ambako hisani zina tume yao ya serikali tangu mwaka 1853, wadhamini wengi hawalipwi kitu, ila hurudishiwa gharama. Lakini kuna posho nyingine, ile ya kukaa tu, ambayo huanza kama soda na hukua. Mikutano huongezeka kwa kuwa posho ipo. Ajenda moja hukatwa vipande vitatu ipate vikao vitatu. Mwisho fedha za kikao zapita fedha za yatima wanaozungumzwa katika kikao hicho. Mjumbe mpya alitazame fungu hilo katika hesabu kabla ya mafungu mengine yote.

Katika vijiji vyetu watu wengi ni ndugu au wakwe, na jambo hili halina dawa wala halihitaji dawa, lahitaji adabu. Kama chama chanunua mabomba na duka la mabomba ni la shemeji yako, sema mbele ya wote, "Huyu ni shemeji yangu," kisha utoke nje mpaka wamalize kuamua. Ukirudi usiulize nani alisema nini. Kama mtendaji atakayeajiriwa ni mtoto wa dada yako, vivyo hivyo. Watu hawatakuchukia kwa kuwa na shemeji mwenye duka. Watakuchukia wakijua baadaye.

Jambo dogo la majira, ambalo wakaao mjini hulisahau. Bodi isipange mkutano wakati wa kuchuma kahawa halafu ishangae kwamba watu wa Kindimba na Mpapa hawakuja. Pwani hesabu ni nyingine. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza, na wakati mwezi mpevu huangaza ziwa hupumzika. Basi mikutano ya pwani iwekwe siku za mbalamwezi, utawapata wote wakiwa wameamka. Wakati wa masika njia za milimani huteleza, basi mkutano mkubwa wa mwaka uwe kiangazi. Chama kimoja hakikupata akidi mara tatu mfululizo, na wenyeji wakadhani watu wamekichoka, kumbe tarehe tu ndiyo iliyokuwa mbaya.

Baki neno la kuondoka. Mjumbe huingia kwa makofi na aghalabu hutoka kimya. Haji tena, na hakuna ajuaye kama amejiuzulu au ameugua. Kiti chake hukaa tupu, wala hawezi kuchaguliwa mwingine kwa kuwa yeye bado yumo katika orodha. Muda uliowekwa na katiba ukiisha, au nguvu zikipungua, aandike barua yenye tarehe, amkabidhi mwenyekiti, abaki na nakala. Ikiwa alikuwa mweka hazina, atoe mbele ya mashahidi wawili kitabu cha fedha, kitabu cha stakabadhi hata kile kilichokwisha, kadi za benki na mhuri. Vyote viandikwe katika orodha, watie sahihi anayetoa na anayepokea, na benki ipelekewe barua siku hiyo hiyo ya kubadili majina ya watia sahihi. Kisha mwezi mmoja baadaye amtembelee mrithi wake nyumbani, amwulize kama kuna ukurasa asiouelewa.